Darasa Langu Limetulia, Lakini Mimi Sijatulia

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi ya Serikali, nina miaka 28, nipo kijijini katika mikoa ya kati ya Tanzania. Naomba usitaje zaidi ya hayo. Huu ni mwezi wa kumi tangu niripoti kituoni. Baada ya kumaliza chuo cha ualimu nilikaa nyumbani miaka minne nikisubiri ajira, asubuhi nikiuza maandazi na mama, jioni nikifundisha tuisheni watoto wa majirani. Siku jina langu lilipotoka kwenye orodha, mama alilia. Nakueleza hili ili ujue kwamba kazi hii siichezei.

Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu. Chumba kimoja, watoto 97, dawati moja wanakaa wanne, na siku ambayo hakuna mtoro wanakaa watano. Kwenye BTP, yale mazoezi ya kufundisha tukiwa chuoni, nilipewa darasa la watoto wasiozidi 50, mkufunzi amekaa nyuma, na watoto wakatulia kwa sababu ya mgeni. Huku nilikuwa nikigeuka kuandika ubaoni, nikirudisha uso nusu ya darasa wamesimama. Wiki ya pili sauti ilinikauka kabisa. Mwalimu mmoja mkongwe akaniletea fimbo akaniambia, "Bila hii, mdogo wangu, humalizi mwezi." Nikaipokea.

Na kweli, haikuchukua muda darasa likawa kimya. Mwanzoni nilichapa wachokozi tu. Baadaye nikawachapa viganjani waliochelewa kumaliza zoezi, halafu nikafika kwa waliokosa. Sitakuficha, kuna siku nilichapa watoto zaidi ya thelathini kabla ya saa nne asubuhi. Nilijifariji kwamba hata mimi nilichapwa na nimekuwa mtu.

Muhula uliopita mwalimu mkuu alipita dirishani akasimama kidogo, akaondoka. Kwenye kikao cha walimu akasema darasa langu ni la mfano, kwamba mwalimu mpya ameweza kulishika darasa kubwa kuliko yote shuleni. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu.

Wiki tatu zilizopita nilifundisha kutoa namba yenye sifuri katikati. Niliandika mifano mitatu, nikaeleza hatua kwa hatua, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitika wote, "Ndiyo mwalimu!" Nikawapa zoezi. Usiku nasahihisha kwa taa ya sola, nikafika kwenye swali la 402 kutoa 178. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 376. Jibu hilohilo, daftari baada ya daftari. Kwanza nikadhani wamenakiliana. Nikaanza kufuatilia safu moja moja. Mbili na nane, wametoa ndogo kwenye kubwa wakapata sita. Sifuri na saba, wakapata saba. Nne na moja, wakapata tatu. Nilikaa na yale madaftari mpaka taa ikafifia.

Kesho yake nikamwita ubaoni binti mmoja mpole, asiyesumbua mtu. Akaandika 376. Nikamwuliza kwa nia njema kabisa, maana nilitaka kusikia anavyofikiri, "Umepataje hapo?" Hakujibu. Aliweka chaki chini, akanyoosha kiganja.

Mshauri, fimbo sikuwa nimeishika. Ilikuwa mezani. Nilimwambia akakae, na sikumbuki nilimalizaje kile kipindi. Tangu siku hiyo fimbo naiacha ofisini, lakini kelele zimeanza kurudi, na juzi mwalimu wa darasa la jirani kaniambia anaona mori umeshuka.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Mwalimu mkuu ametugawia sisi waajiriwa wapya karatasi ya kujitathmini, tuirudishe mwisho wa mwezi kabla hajaandika maoni yake kuhusu kuthibitishwa kwetu kazini. Ina sehemu mbili: "Uwezo wangu kitaaluma" na "Maeneo ninayohitaji kujiimarisha". Mwenzangu tuliyeripoti naye siku moja ameshajaza. Kwenye uwezo kaweka nidhamu ya darasa, kuwahi kazini na kuandaa maandalio ya somo kwa wakati. Kwenye kujiimarisha kaandika TEHAMA. Ananiambia, "Andika hivyohivyo, TEHAMA haijawahi kumfukuzisha mtu." Shule yetu ina kompyuta moja.

Nina siku tisa na karatasi hii. Kile mwalimu mkuu anachokiona kuwa uwezo wangu mkubwa ndicho ninachokionea aibu. Nikiandika nidhamu, nimedanganya. Nikiandika kwamba nimekuwa nikichapa watoto kwa kukosa hesabu, na kwamba sijui kufundisha watoto 97 bila kuwatisha, nimejiandikia barua ya kuachishwa kazi kwa mkono wangu. Nina wadogo wawili wanaosoma kwa mshahara huu.

Na sehemu ile ya uwezo sijaandika hata neno. Yupo mama mmoja anayefundisha Darasa la Pili. Darasa lake ni nyimbo na kelele siku nzima, lakini watoto wake wanasoma. Yule amezaliwa na kipaji. Mimi nilichonacho ni kukariri majina ya watoto wote 97 kwa wiki sita, na mabua niliyoyafunga kumi kumi siku za mwanzo ili wahesabie, nikayaacha kwa sababu yalileta fujo. Kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, nakaa nyuma, nanyamaza, nisije nikaonekana sijui.

Niandike nini? Na je, mimi ni mwalimu kweli?

Mwalimu Mpya

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa siku tisa za kukaa na karatasi moja. Kabla sijaletwa kwenye meza hii nilisimama mbele ya ubao wa shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu pale kwenye kiganja nilisita.

Nikikuelewa vizuri, yapo mambo matatu umeyasuka pamoja, ndiyo maana kalamu haisogei. Moja ni karatasi itakayosomwa na mtu mwenye neno juu ya ajira yako. La pili ni fimbo, na darasa linaloanza kuamka sasa kwa kuwa fimbo haipo. Na la tatu umeliuliza mwishoni kwa haraka, kama mtu anayeuliza akiwa ameshashika kitasa cha mlango: mimi ni mwalimu kweli? Nitaanza na hilo.

Unasema sehemu ya uwezo hujaandika neno. Mimi nimeisoma kwenye barua yako. Daftari lenye 376, walimu wengi, na mimi nikiwemo kwa miaka yangu ya mwanzo, tungeweka alama ya kosa, tukajumlisha maksi, tukalala. Wewe ulirudi nyuma safu kwa safu ukatafuta mtoto alifikaje pale. Ulichokiona usiku ule ni kwamba watoto wako hawakukosa ovyo. Wana kanuni, nayo inasema katika kila safu toa ndogo kwenye kubwa. Na kanuni hiyo hawakuiokota barabarani. Tangu wakiwa wadogo tumekuwa tukiwaambia kwamba nane haitoki kwenye mbili, wakatuamini, na walipokutana na mbili juu ya nane wakafanya kile kinachowezekana. Ni watoto watiifu kwa mafundisho yetu. Kosa hili lina umaarufu wake. Wanaochunguza namna watoto wanavyojifunza Hisabati wameliandika kwa watoto wa Marekani vilevile, kwa hiyo usilichukue kama ushahidi kwamba kijiji chako kimepata mwalimu mbovu.

Mwalimu anayeweza kusoma kosa mpaka akaona fikra iliyolizaa ana kitu ambacho maandalio ya somo peke yake hayampi mtu. Kukariri majina 97 kwa wiki sita nako usikupitie juu juu. Mtoto anayeitwa kwa jina lake kwenye umati wa namna hiyo anajua yupo. Na yale mabua, hata kama uliyaacha, uliyafunga wewe mwenyewe bila kuagizwa na mtu.

Wahenga waliposema nyani haoni kundule walikuwa wakiwasema wanaojisifu. Nakuona wewe uko upande wa pili wa methali hiyo: kundule ndilo pekee unaloliona. Kujitathmini kwa namna hiyo kunaonekana kama unyenyekevu, lakini nako kunapotosha picha, na mtu mwenye picha iliyopotoka hajui aanzie wapi kujirekebisha.

Nina shaka pia na neno lako "kipaji". Unajuaje kwamba yule mama wa Darasa la Pili amezaliwa hivyo? Umemkuta ameshakuwa. Niliwahi kufanya kazi na mwalimu wa nyimbo kama yeye. Siku moja akaniambia mwaka wake wa kwanza alikuwa na wimbo mmoja tu, akaurudia mpaka watoto wenyewe wakamwomba mwingine. Sisemi kipaji hakipo. Nasema hujamwuliza. Mtafute siku ambayo nyote hamna kipindi, umwombe akusimulie mwaka wake wa kwanza, na ikiwezekana umwombe ukae nyuma ya darasa lake kwa dakika ishirini. Angalia mikono yake zaidi ya sauti yake: anafanya nini sekunde chache kabla kelele hazijapanda? Hapo ndipo walimu wa namna ile huficha ufundi wao, mara nyingi bila wao wenyewe kujua.

Tuje kwenye ukimya. Mwalimu mkuu aliuona kutokea dirishani. Wewe uliuona kutokea ubaoni siku mtoto alipokunyooshea kiganja. Nyote wawili mlikuwa mkitazama darasa lilelile, na sidhani kama yeye alikuwa na haja ya kukudanganya. Kwa hiyo nakuuliza: una hakika kwamba anachokisifu ni fimbo? Au alisifu tu kwamba watoto 97 wamekaa na wanaandika? Tofauti ni kubwa, kwa sababu kama ni la kwanza unalo tatizo na mkuu wako, na kama ni la pili huenda una mtu wa kukusaidia ambaye hajaambiwa kinachoendelea.

Upo ukimya wa woga na upo ukimya wa mtoto anayefikiri, na kwa mbali vinafanana. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Akakuta wengi husubiri sekunde moja hivi, kisha wanamtaja mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Sekunde tatu, mwanangu. Kwa darasa lako, lililozoea kwamba baada ya swali kuna fimbo, huenda zisitoshe. Binti yule ulimpa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, "Umepataje hapo?", lakini kwake swali lilikuwa na maana iliyozoeleka, naye akalijibu kwa lugha aliyoizoea.

Hata "Mmeelewa?" nakushauri uitazame upya. Sote tumeimba wimbo ule. Mwalimu anauliza, darasa linaitika, na hakuna aliyejua jambo jipya kuhusu mwenzake. Jaribu badala yake kuwapa swali moja tu dakika tano kabla ya kengele, waandike jibu kwenye kipande cha karatasi au nyuma ya daftari, wewe upite ukitazama safu mbili tu za madawati leo na mbili kesho. Hutapata watoto wote, ila utapata picha kabla ya usiku wa kusahihisha.

Kuhusu wingi wao. Kiwango kinachotajwa na Serikali kwa shule za msingi ni watoto 45 kwa mwalimu. Wewe una zaidi ya mara mbili yake. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni, jambo la kushukuru Mungu, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile. Kwa hiyo unapoandika "sijui kufundisha watoto 97", jiulize ni nani aliyefundishwa chuoni kuwafundisha watoto 97. Huo ni mzigo uliobebeshwa, na haufai kuandikwa kwenye karatasi kana kwamba ni upungufu wako wa kuzaliwa nao. Lakini nakuomba pia usiufanye kuwa pazia. Fimbo iliingia kwa sababu ya wingi, ndiyo. Siku ilipovuka kutoka kwa mchokozi ikaenda kwa aliyekosa hesabu, wingi haukuwa sababu tena.

Hapo niseme bila kuzungusha, kwa sababu nadhani ungependa nikuheshimu kiasi hicho. Utaratibu wa viboko katika shule zetu, tangu kanuni na waraka wa 2002, unasema ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi. Haizidi viboko vinne. Na inaandikwa kwenye kitabu. Kukosa 402 kutoa 178 hakumo humo. Fimbo yako mwenyewe mezani haimo humo. Sijui kama kuna aliyekusomea haya uliporipoti. Wengi hupewa fimbo kabla ya kupewa waraka. Ila sasa unajua, na hiyo ndiyo sababu tahadhari yako juu ya kuandika si woga wa bure. Na lile la "nilichapwa na nimekuwa mtu", nami nililisema miaka mingi. Siku moja nikajiuliza ni lipi kati ya niliyo nayo lilitoka kwenye fimbo, na nikabaki kumkumbuka mwalimu mmoja aliyekaa nami chini ya mwembe akanionyesha kugawanya.

Sasa karatasi. Umeniandikia kana kwamba una njia mbili tu, kudanganya au kujichongea. Mimi naona unaichukulia karatasi kama kitubio, mahali pa kuweka kila kitu au kutoweka kitu. Je, ndivyo alivyoiomba mwalimu mkuu? Kichwa chake kinasema maeneo unayohitaji kujiimarisha. Kinatazama mbele.

Unaweza kuandika kama mwenzako, TEHAMA, na ukalala. Ni njia yenye usalama wa muda. Hatari yake ni kwamba hakuna atakayekusaidia kwa jambo ambalo hukulitaja, na mwakani watoto hawa wanakwenda kwenye upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne wakiwa na ile kanuni yao. Na wewe utabaki kuwa mwalimu wa mfano kwa jambo usilolitaka, kila siku ukilazimika kulilinda.

Unaweza kuandika yote, fimbo na idadi na siku. Kuna heshima katika hilo, na moyo wako unaweza kupumua. Lakini maandishi yanaishi kuliko mazungumzo. Yakiingia kwenye faili yanaweza kusomwa na mtu asiyekujua, asiyejua kwamba uliacha. Kuthibitishwa kwako na nidhamu yako kikazi viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na kinachopanda huko hupanda bila sauti yako. Kama unaelekea njia hii, zungumza kwanza na mwakilishi wa chama cha walimu hapo shuleni, au mtu mwingine anayejua taratibu na anayetunza siri.

Na ipo ya tatu, ambayo nayo ina miiba yake. Unaandika kweli iliyo na kazi ndani yake. Kwa mfano: "Nahitaji kuimarisha namna ya kuongoza darasa kubwa kwa njia zisizotegemea adhabu." Au: "Nahitaji kuimarisha namna ya kupima kama wanafunzi wameelewa, kabla ya kusahihisha." Chini yake unaweka ulichoanza kufanya na msaada unaouomba. Hapo hujadanganya, na hujatoa ushahidi dhidi yako. Kwenye uwezo unaweza kuandika kwamba unachambua makosa ya wanafunzi ili kujua wanavyofikiri, na ukambatisha lile zoezi. Mwiba wake ni huu: msomaji makini atauliza, "Zisizotegemea adhabu? Kwani ulikuwa ukitegemea nini?" Uwe tayari kujibu kwa mdomo. Na dhamiri yako inaweza kukuambia kwamba umeifunika kweli kwa kanga nzuri. Wewe ndiye unayejua kama itakuambia hivyo.

Kuna pia uwezekano wa kumwona mwalimu mkuu kabla ya kujaza chochote. Kumwambia, "Mkuu, ulilisifia darasa langu, nashukuru, lakini kuna jambo nataka kulibadilisha, na kwa wiki kadhaa utasikia kelele." Nalitaja hili kwa sababu kelele zitakuja tu. Darasa lililotulizwa kwa woga, woga ukiondoka halitulii siku hiyohiyo. Watoto watapima kama umebadilika kweli au umesahau fimbo tu. Itachukua wiki, na katikati utatamani kurudi ofisini kuichukua. Mkuu akiwa anajua, atapita dirishani kwa jicho jingine. Asipojua, ataona mwalimu wa mfano ameporomoka mwezi ambao anaandika maoni yake. Kwa upande mwingine, simjui mkuu wako. Wapo wanaosikia maneno kama hayo wakamwita mwalimu na kumpa muda. Wapo wanaoyabeba hadi kwenye kikao. Wewe umekaa naye miezi kumi. Umewahi kumwona akipokea kosa la mtu? Alifanyaje?

Jambo moja sitaki likupite. Umesema vikao vya MEWAKA unakaa nyuma. Vikao vile vimewekwa kwa ajili ya mafunzo ya walimu kazini, na nakuhakikishia kwamba nusu ya waliokaa mbele wana 376 zao kwenye madaftari. Je, itakuwaje ukipeleka zoezi moja, bila jina la mtoto, ukauliza tu, "Nyinyi mnafanyaje mkikuta hili?" Hutakuwa umesema hujui. Utakuwa umeleta kitu mezani. Wala huna haja ya kutaja fimbo hapo.

Najua kuna swali hukuniuliza, nalo ni la yule binti. Katika malezi yetu mtu mzima kumwomba radhi mtoto si jambo jepesi, na wapo watakaokuambia unajishushia heshima. Mimi niliwahi kufanya hivyo mara mbili kazini. Mara moja mtoto alinitazama tu, akakimbilia kucheza, sikujua kama alinielewa. Mara nyingine darasa zima liliniheshimu kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Siwezi kukuahidi ipi utapata. Si lazima iwe mbele ya wote, wala maneno yawe mengi. Jina lake unalijua.

Na kama utaona maneno ni mazito, yapo mabua. Unasema yalileta fujo. Nadhani yalileta fujo kwa sababu uliwagawia wote 97 kwa pamoja, na hata mimi nisingeweza. Safari hii beba ya mezani tu. Yafunge kumi kumi, kisha mafungu kumi uyafunge kuwa moja kubwa. Kwa 402 utahitaji manne makubwa na mabua mawili yaliyobaki. Waambie unataka kutoa manane na huna ila mawili, na mafungu ya kumi hakuna hata moja. Usiwaambie haiwezekani. Nyamaza, uhesabu moyoni mpaka tatu, hata mpaka kumi. Kisha mwite yeye aje mbele, umpe fungu moja kubwa mkononi, umwombe alifungue.